Mtuondolee Ngazi Yenu: John McLendon na Uongo wa Vitabu vya Makocha

Kuna kitabu kimoja ambacho kimeandikwa mara mia, majina tu ndiyo yanabadilika juu ya jalada. Mzee mwenye suti amekunja mikono, nyuma yake ukumbi umefurika watu, na kwenye kichwa cha kitabu lazima utakuta neno "uongozi" au "ushindi", au yote mawili. Ukikifungua unamkuta kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha Marekani akikusimulia alivyoanza kwa kuokota mipira na kufua jezi, akawa kocha msaidizi, akapewa chuo kidogo, akaonekana, akapewa chuo kikubwa, akabeba kombe. Kila sura inafungwa kwa somo. Sura ya tatu uvumilivu, ya tano nidhamu, ya tisa imani. Huku kwetu vitabu vya ukoo huo tunavijua vizuri: vimetandazwa juu ya turubai kando ya barabara, na wahamasishaji wanavinukuu kwenye semina kana kwamba ni maandiko matakatifu.

Nasema waziwazi: hadithi hiyo ni ya uongo. Sisemi kwamba waandishi wake wanabuni tarehe au wanajitungia makombe. Makombe yapo, yanang'aa kwenye kabati. Uongo uko kwenye umbo la hadithi yenyewe, yaani ile ngazi. Umbo hilo linatuambia kwamba kazi ya mtu ni safari ya kwenda juu, kwamba kila cheo ni malipo ya juhudi, na kwamba aliyebaki chini hakujituma vya kutosha. Halituambii ngazi ni ya nani, nani aliishika isianguke, na nani alikatazwa kuigusa. Na sisi wasomaji, tunaojigamba kwamba tunajua kusoma, tunaimeza hivyohivyo.

Wahenga walishasema: mpanda ngazi hushuka. Mimi naongeza swali: je, yule ambaye hakuruhusiwa hata kupanda, kazi yake tuisimulieje? Kwa sababu yuko mtu wa namna hiyo, na ni mmoja wa makocha wakubwa kuliko wote waliowahi kupuliza filimbi Marekani. Anaitwa John McLendon. Nitafika kwake. Kwanza tuiangalie ngazi yenyewe.

Ngazi inavyofanya kazi

Kocha wa chuo Marekani si mwalimu wa michezo kama tunavyomjua sisi, yule wa saa kumi jioni na mpira mmoja uliopauka. Katika majimbo mengi ya nchi ile, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote ni kocha, wa kikapu au wa ule mpira wao wa kubeba mikononi. Anamzidi gavana. Anamzidi daktari bingwa wa hospitali ya chuo. Kazi yake kubwa inafanyika nje ya uwanja: kuzunguka nchi nzima akitafuta vijana warefu wa miaka kumi na saba, kukaa sebuleni kwa mama zao na kuwaahidi kwamba mtoto atatunzwa. Akishinda, chuo kikubwa zaidi kinamnyemelea. Kinamlipia fidia ya kuvunja mkataba, naye anaondoka. Wale vijana aliowaahidi sebuleni wanabaki, na kwa miaka mingi kanuni zilimtaka mchezaji aliyehama chuo akae msimu mzima bila kucheza. Kocha yeye alikuwa anahama Jumatatu na Jumanne anaanza kazi.

Mfano? John Calipari. Alikiongoza chuo cha Massachusetts kuanzia 1988 hadi 1996, akakifikisha kwenye timu nne za mwisho za taifa. Akaenda kufundisha ligi ya kulipwa. Mwaka 2000 akachukua Memphis, na 2008 akaifikisha fainali. Mwaka 2009 akaenda Kentucky, na 2012 akabeba kombe. Mwaka 2024 akahamia Arkansas. Ngazi safi kabisa, kitabu kinajiandika chenyewe. Ila matokeo ya Massachusetts ya 1996 katika mashindano ya taifa yalifutwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa sababu mchezaji nyota alipokea zawadi kutoka kwa mawakala. Na msimu mzima wa Memphis wa 2008 ulifutwa pia, safari hii kwa utata wa mtihani wa kujiunga na chuo wa mchezaji mwingine. NCAA haikumtia hatiani Calipari mwenyewe kwa lolote kati ya hayo mawili, na haki inataka tuliseme hilo. Lakini angalia mambo yalivyokaa. Hukumu zote mbili zilipotoka yeye alishaondoka. Vyuo ndivyo vilivyobaki vikishusha mabango ukutani, na yeye mwaka 2015 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la mpira wa kikapu.

Kitabu cha ngazi hakiwezi kueleza jambo hilo. Kina safu moja tu, ya anayepanda, na ngazi alizokanyaga zikavunjika zinaachiwa walio chini waziokote.

Sisi wa upande huu tuna sababu yetu ya kulijali hili. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichezea chuo cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009 chini ya kocha Jim Calhoun. Msimu wake wa mwisho walifika kwenye timu nne za mwisho za taifa. Msimu huohuo, Februari 2009, Calhoun aliulizwa mbele ya waandishi kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6 kwa mwaka, uliomfanya mtumishi wa jimbo anayelipwa kuliko wote, wakati jimbo lina nakisi kubwa. Alijibu kwa ukali, akataja mamilioni ambayo timu yake inauingizia chuo. Sawa. Lakini mamilioni hayo yaliingizwa na miguu ya nani? Ya vijana ambao wakati huo kanuni ziliwakataza kulipwa chochote zaidi ya ada na matunzo ya masomo. Ni mwaka 2021 tu ndipo waliporuhusiwa kuuza majina yao kwa matangazo, na 2025 ndipo vyuo viliporuhusiwa kuwalipa moja kwa moja.

Hasheem alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA wa 2009, na kabla msimu wake wa kwanza haujaisha akashushwa kwenye ligi ya chini kujinoa. Tangu hapo, mitaani kwetu stori ni moja: "alishindwa". Kocha naye? Kocha alibaki gwiji, na mwaka 2011 akabeba kombe la tatu. Mchezaji asipofika ni kosa lake, akifika ni sifa ya kocha. Hiyo ndiyo hesabu ya ngazi, na sisi wenyewe tumeijumlisha hivyo bila kulazimishwa na mtu.

Mtu asiyeenea kwenye ngazi

Sasa tuje kwa McLendon.

Alizaliwa 1915 katika mji mdogo wa Hiawatha, jimbo la Kansas. Mwaka 1933 alijiunga na Chuo Kikuu cha Kansas, na baba yake alimwagiza amtafute mtu mmoja tu awe mshauri wake wa masomo: James Naismith. Ndiyo, Naismith mwenyewe, yule aliyeubuni mpira wa kikapu mwezi Desemba 1891 kule Springfield, Massachusetts, kwa mpira wa soka na vikapu viwili vya matunda. McLendon akaenda akamwambia kwamba ameagizwa na baba yake. Mzee akamkubali.

Hapa tusimame kidogo kwa Naismith, maana anatuharibia ngazi kabla hatujaanza. Mbunifu wa mchezo ndiye kocha wa kwanza wa Kansas, na ndiye kocha pekee katika historia ya chuo hicho aliyepoteza michezo mingi kuliko aliyoshinda: alishinda 55, akapoteza 60. Kwa kipimo cha vitabu vya jalada la suti, Naismith alifeli. Hana sura hata moja ya kutufundisha. Kipimo kinachomhesabu mzazi wa mchezo kuwa kocha aliyefeli kina matatizo, jamani.

McLendon alisoma elimu ya viungo, na kwenye timu ya chuo hakucheza hata dakika moja. Timu ilikuwa ya Wazungu tu. Fikiria basi: kijana anakaa ofisini kwa mtu aliyeubuni mchezo, anajifunza kila kona yake kutoka kinywani mwake, halafu akitoka mlangoni haruhusiwi kuvaa jezi ya chuo hichohicho. Hata bwawa la kuogelea, ambalo lilikuwa sharti la shahada yake, halikuwa la watu weusi; alipoingia kuogelea, maji yalimwagwa. Alihitimu 1936, Mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo pale Kansas, akaongeza shahada ya uzamili Iowa mwaka uliofuata.

Sasa linganisha. Adolph Rupp naye alitoka Kansas, naye alipita mikononi mwa Naismith na mrithi wake Phog Allen. Akafundisha shule ya sekondari huko Freeport, Illinois, na mwaka 1930, kutoka sekondari moja kwa moja, akapewa Chuo Kikuu cha Kentucky. Akakaa pale hadi 1972, michezo 876 ya ushindi, ubingwa wa taifa mara nne. McLendon, aliyekunywa kisima kilekile, mwaka 1937 alikwenda Durham, kwenye chuo cha watu weusi cha North Carolina, kama msaidizi, na 1940 akawa kocha mkuu. Hakuna kiasi cha uvumilivu, nidhamu wala imani, yaani sura ya tatu, ya tano na ya tisa zikijumlishwa, ambacho kingemfikisha mahali alipofikishwa Rupp. Ngazi ile ilikuwa nyumba nyingine, na geti limefungwa.

Basi alifanya nini? Alifundisha. Wenzake walikuwa wanacheza kikapu cha taratibu, pasi kumi kabla ya kurusha. Yeye akawapeleka vijana wake mbio: shambulizi la kushtukiza kila mpira unaponyakuliwa, na kumkaba mpinzani uwanja mzima badala ya kumsubiri nyumbani. Wakipata uongozi, aliwatawanya wachezaji wake kwenye pembe nne ili mpinzani akimbie hadi achoke. Mbinu hiyo ya pembe nne baadaye ilikuja kupewa jina la Dean Smith, kocha wa Chapel Hill, mji usiofika nusu saa kwa gari kutoka Durham. Smith alikuwa mtu mwema, na ni yeye aliyefungua mlango kwa wachezaji weusi pale kwake. Lakini ndivyo mambo yanavyokwenda: aliyeko ndani ya nyumba kubwa akitumia kitu, kinakuwa chake.

Mchezo usiokuwa na matokeo

Jumapili tarehe 12 Machi 1944, asubuhi, Durham nzima ikiwa kanisani, magari machache yalizunguka njia za uchochoroni hadi kwenye ukumbi mdogo wa chuo cha McLendon. Ndani ya magari walikuwamo vijana wa Kizungu, wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Duke waliokuwa jeshini, wamejifunika makoti vichwani wasitambulike. Walikuwa na timu kali. Wameingia, mlango ukafungwa kwa ufunguo. Hakukuwa na watazamaji, ukiacha wanafunzi wachache waliokwea madirishani wakichungulia. Mwandishi wa gazeti la watu weusi la mjini alijua, akakubali kutoandika.

Kwanini siri yote hiyo? Kwa sababu weusi na Wazungu kucheza pamoja ilikuwa ni kuvunja utaratibu mzima wa Kusini, na utaratibu ule ulikuwa unaua. Miezi minne baadaye, Julai 1944, askari mweusi, Booker Spicely, alipigwa risasi na dereva wa basi katika mji huohuo wa Durham baada ya kubishana kuhusu kiti. Dereva alishtakiwa, akaachiwa huru. McLendon alijua anachokichezea. Hakikuwa kibarua tu.

Mwanzoni vijana wa pande zote mbili walikosa mpira kwa woga. Kisha mbio za McLendon zikaanza. Matokeo: North Carolina 88, Duke 44. Mara mbili kamili. Na baada ya hapo likatokea jambo ambalo, kwangu, ni kubwa kuliko alama zote: wakachanganya timu, nusu na nusu, upande mmoja umevaa mashati na mwingine vifua wazi, wakacheza tena. Halafu Wazungu wakapanda hadi mabwenini, wakakaa wakapiga soga na wenyeji wao.

Mchezo huo haumo kwenye rekodi rasmi za McLendon. Haukuwa na mwamuzi wa ligi, wala ripoti, wala picha gazetini. Kwenye CV yake haukuwa na mahali pa kukaa. Uliishi midomoni mwa wachache kwa zaidi ya miaka hamsini, mpaka mwanahistoria Scott Ellsworth alipouandika katika jarida la The New York Times mwaka 1996, na baadaye kuutolea kitabu kizima, The Secret Game, mwaka 2015.

Nawauliza wapenzi wa ngazi: mchezo huo ni daraja la ngapi? Haukumpandisha cheo. Kama ungejulikana, angefukuzwa, au vibaya zaidi. Ni asubuhi moja ambayo mtu aliweka kila alichonacho mezani bila kutarajia cha kuandikwa. Kama masimulizi ya kazi ya kocha hayana nafasi ya asubuhi hiyo, basi ni fomu ya maombi ya ajira iliyopigwa jalada gumu.

Wa kwanza, wa kwanza, wa kwanza

Endelea na maisha yake uone ngazi inavyozidi kupinda. Alikwenda Hampton, kisha mwaka 1954 Tennessee A&I, chuo cha watu weusi cha Nashville. NCAA ilikuwa ya wakubwa, lakini chama cha vyuo vidogo, NAIA, kilikuwa kimeanza kufungua mlango, na McLendon alikuwa mmoja wa waliousukuma. Aliposafiri na timu yake kwenda Kansas City, alisisitiza vijana wake walale hoteli na kula mezani kama timu nyingine yoyote. Mwaka 1957 walichukua ubingwa wa taifa, chuo cha kwanza cha watu weusi kufanya hivyo katika mashindano yaliyochanganya rangi. 1958 wakarudia. 1959 wakarudia tena. Kocha wa chuo kushinda ubingwa wa taifa miaka mitatu mfululizo lilikuwa jambo ambalo halijafanywa na mtu kabla yake. John Wooden wa UCLA, ambaye piramidi yake ya mafanikio inabandikwa ukutani kwenye maofisi dunia nzima, alipata ubingwa wake wa kwanza 1964.

Kwa kanuni za ngazi, baada ya 1959 simu ya McLendon ilipaswa kuwaka moto. Hakuna chuo kikubwa kilichompigia. Akaenda kufundisha Cleveland Pipers, na timu ilipoingia ligi ya kulipwa mwaka 1961 akawa kocha mkuu mweusi wa kwanza katika ligi hiyo mpya. Mmiliki alikuwa kijana tajiri, George Steinbrenner, ambaye baadaye dunia ingemjua kwa kuinunua New York Yankees na kuwafukuza mameneja kama anabadilisha soksi. Steinbrenner akaingilia timu, wachezaji wakacheleweshewa mishahara, McLendon akajiuzulu Januari 1962 katikati ya msimu. Timu aliyoijenga ikabeba ubingwa miezi michache baadaye chini ya kocha mwingine.

Someni hilo tena. Alishuka kwa hiari, kwa ajili ya mishahara ya watu wengine. Kwenye kitabu cha ngazi hilo linaitwa "kukosa subira".

Mwaka 1966 chuo cha Cleveland State kilimwajiri, na akawa kocha mkuu mweusi wa kwanza katika chuo chenye Wazungu wengi. Alipoteza michezo mingi kuliko aliyoshinda. Mwaka 1969 akapewa Denver Rockets ya ligi ya kulipwa ya ABA, Mweusi wa kwanza tena, na wakamfukuza baada ya michezo 28. Baada ya hapo miaka mingi aliifanyia kazi kampuni ya viatu ya Converse. Viatu! Mwanafunzi wa Naismith, bingwa mara tatu mfululizo, anazunguka kunadi raba. Na uzeeni akarudi Cleveland State, akawa anafundisha darasa la historia ya michezo na nafasi ya walio wachache ndani yake.

Mnaona tatizo la "wa kwanza"? Kila aliposhika kazi aliitwa wa kwanza. Lakini wa kwanza ndiye anayepewa timu mbovu na muda mfupi, na akianguka inasemwa kwamba "tulijaribu". Hadithi za mafanikio zinaipenda sana sentensi ya "mtu mweusi wa kwanza", kwa sababu inafanya mlango uonekane umefunguliwa na yeye. Haiulizi nani aliufunga. Kocha mweusi wa kwanza kubeba ubingwa mkuu wa NCAA alikuwa John Thompson wa Georgetown, mwaka 1984. Kutoka 1957 hadi 1984 ni miaka ishirini na saba. Makocha weusi walikuwa hawajui kufundisha miaka yote hiyo?

Na Jumba la Heshima, lenye jina la mwalimu wake? Lilimwingiza McLendon mwaka 1979, lakini kama "mchangiaji". Yaani mtu aliyesaidia mchezo kwa namna fulani. Ilichukua hadi mwaka 2016, alipokuwa amelala kaburini miaka kumi na saba, ndipo lilipomwingiza tena, safari hii kama kocha. Miaka thelathini na saba kumpa mtu jina la kazi aliyoifanya maisha yake yote. Timu yake ya Tennessee A&I iliingizwa 2019, baada ya mchezaji wake wa zamani Dick Barnett kupiga kelele miaka na miaka. Mnaoandika vitabu, zingatieni: aliyepigania kumbukumbu hiyo alikuwa mchezaji. Mmoja wa wale wanaoachwa nje ya jalada.

Mtasema ninachuki

Najua jibu linalokuja. Mtaniambia: "Wooden je? Naye alipanda ngazi, na alikuwa mtu wa haki." Kweli kabisa. Mwaka 1947 Wooden, akiwa Indiana State, alikataa mwaliko wa mashindano ya taifa kwa sababu mchezaji wake mmoja mweusi, Clarence Walker, hakuruhusiwa kucheza. Mwaka 1948 kanuni ikabadilishwa, akaenda naye. Lakini angalieni wenyewe: hilo ndilo tendo kubwa la ujana wake wa ukocha, na si daraja la ngazi. Ni siku aliyokataa kupanda. Piramidi yake inabandikwa ukutani. Siku ile haibandikwi.

Mtasema pia kwamba watu wanahitaji matumaini, kwamba kijana wa Mbagala au Kayole hataki kuambiwa geti limefungwa. Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Anayemdharau kijana huyo ni yule anayemwambia kwamba geti liko wazi na asipopita ni uvivu wake. McLendon ana matumaini zaidi kuliko wote: alijua geti limefungwa, akafundisha mchezo bora kuliko walioko ndani, na Jumapili moja akawafungulia wa ndani mlango wake mwenyewe.

Isiwe tunawasema Wamarekani peke yao. Shika wasifu wowote wa mtu maarufu unaozinduliwa kwetu hotelini, kwa keki na mgeni rasmi. Utakuta "nilizaliwa katika familia maskini", utakuta miguu peku, utakuta "kwa juhudi na maarifa", utakuta cheo, kisha cheo kikubwa, kisha picha na rais. Walimu wanatajwa kwenye shukrani. Waliokataliwa hawatajwi kabisa. Na wahakiki wetu wanaandika kwamba kitabu "kinatia moyo". Kazi ya mhakiki ni hiyo?

Ninachodai ni kidogo. Tukipokea kitabu cha maisha ya kazi ya mtu, awe kocha, mwanasiasa au mwimbaji, tukiulize maswali matatu kabla ya kukisifu. Ngazi hii ilikuwa ya nani? Nani alibaki chini alipoondoka? Na ni siku gani alifanya jambo ambalo lingeweza kumgharimu kila kitu, wala hakuna aliyeliandika? Kikiwa hakina jibu hata la moja, tuseme hivyo kwa maandishi, hata kama mwandishi ni mkubwa na uzinduzi ulikuwa na pilau.

Na anayetaka kuona inavyofanywa, asome Ellsworth kuhusu ule mchezo wa siri, kisha asome Breaking Through ya Milton Katz, wasifu wa McLendon uliotoka 2007. Si vitabu vilivyokamilika. Katz hasa anampenda mno mtu wake. Lakini vyote viwili vinaanza na geti, ndipo vije kwa mtu. McLendon mwenyewe aliandika kitabu pia, mwaka 1965, kuhusu kikapu cha mbio. Hakukitumia kutufundisha namna ya kufanikiwa. Alieleza jinsi ya kukimbia, jinsi ya kukaba, mahali pa kusimama mpira unapodunda. Kocha aliandika kuhusu kazi yake, akawaachia wengine ngazi.